Mizani ya Amosi na Soko la Simuni
Jumapili ya 25 ya Mwaka C



Somo la kwanza la Jumapili ya leo, kutoka sura ya nane ya Kitabu cha Nabii Amosi, latupeleka sokoni. Nabii awaona wafanyabiashara wa Israeli siku ya Sabato: miili yao imepumzika, lakini mioyo yao yahesabu saa, lini sikukuu itakwisha wakafungue ghala. Efa, yaani kipimo cha nafaka, wameipunguza. Shekeli, yaani jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, wameiongeza uzito. Hata makapi ya ngano wanayauza. Na mnunuzi yule alikuwa amesimama mbele yao, mizani akiiona kwa macho yake, na bado aliibiwa. Basi tufikiri hali ya mnunuzi wa leo, ambaye muuzaji hamwoni, mizani haioni, na bidhaa yenyewe ameiona katika picha tu.

Sizungumzi habari ya mbali. Mwaka 2022 akina mama wa jumuiya ndogo ndogo za parokia yetu walichanga fedha, mia tano mia tano na elfu elfu, ili tununue vyerehani vya kuwafundishia mabinti ushonaji. Nikiwa paroko, nilikabidhiwa kazi ya kuvitafuta. Jioni moja niliona katika simu tangazo la vyerehani vitatu vya miguu, vilivyotumika kidogo, kwa shilingi 400,000 vyote. Dukani fedha hiyo haikutosha hata viwili. Nikampigia mwenye tangazo. Alikuwa mtu wa lugha nzuri, akaniita Baba Mtakatifu kwa kutojua, nami nikacheka. Akasema yuko mkoa mwingine, atavipakia katika basi, ila nitume nusu kwanza kwa kuwa watu wanne wanavingojea.

Nilipokuwa natuma, jina la mpokeaji lilitokea katika simu kabla sijathibitisha. Halikuwa jina lake. Nikamwuliza; akajibu kwamba ni laini ya dada yake. Nikabonyeza. Kesho yake akataka 35,000 za kufungasha mzigo, nazo nikatuma, kwa maana aliyekwisha kutoa laki mbili huona uchungu kuziacha zipotee kwa ajili ya elfu chache. Kisha simu yake haikupatikana tena.

Wiki mbili nilinyamaza. Akina mama waliponiuliza, niliwajibu kwamba mzigo u njiani. Hapo ndipo dhambi ya mwenzangu ilipozaa dhambi yangu. Hatimaye nilisimama mbele yao baada ya Misa, nikasema ukweli, na fedha nikairudisha kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu. Nilitegemea lawama. Badala yake watu watatu walinifuata mlangoni, kila mmoja peke yake, wakaniambia kwa sauti ya chini kwamba nao walitapeliwa kwa namna ile ile. Hakuna aliyekuwa amemwambia hata mwenzi wake wa ndoa. Kama mmoja wao angalisema mapema, huenda mimi ningalipona. Tapeli huishi kwa aibu yetu.

Katekista wetu, mzee wa mnadani, ndiye aliyenifundisha. Aliniuliza: "Baba Paroko, ng'ombe mmoja tunamfungua kinywa tukaangalie meno, tunamtembeza tuone kama anachechemea, na tunaita mashahidi. Vyerehani vitatu umevinunuaje usiku, peke yako, bila kuvigusa?" Sikuwa na jibu. Kwa kweli neno lake moja latosha kanuni zote. Kitu cha kununua kionwe kwanza kwa macho, mchana, mahali penye watu, nawe uwe na mwenzako. Kama ni simu, iwashwe, ibonyezwe *#06#, na namba inayotokea ilinganishwe na ile ya kwenye boksi. Muuzaji akiwa mbali, mtume ndugu au mwanajumuiya aliye huko akakikague kabla hujalipa. Bei ikiwa chini mno, jiulize kama kitu hicho si cha wizi, maana anayenunua mali ya wizi huku akijua, mkono wake umo katika wizi ule. Na anayekuharakisha, mwache aende na hao wanne wanaongoja.

Muuzaji naye ana hatari yake. Mnunuzi hukuonyesha katika simu yake ujumbe kwamba amelipa, kumbe ameuandika mwenyewe. Usitoe mzigo kwa ujumbe wa simu ya mwingine, wala hata kwa ule ulioingia katika simu yako kutoka namba ya mtu binafsi. Tazama salio lako. Fanya hivyo hivyo kwa anayesema amekutumia fedha kwa makosa na kutaka umrudishie. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata ajitambulishe kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu. Hapa Tanzania namba ya tapeli hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040, na udanganyifu wa namna hii umo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa hiyo kwenda polisi si kupoteza muda, ingawa mimi nilichelewa.

Lakini Amosi hakusema na wanunuzi. Alisema na wauzaji, watu waliokuwa wakishika Sabato. Ndiyo maana sikuweza kuishia kwenye masikitiko yangu.

Kijana mmoja wa kwaya alinijia ofisini. Si katika kitubio, naomba mnielewe, na ameniruhusu kusimulia. Alikuwa amemwuzia muuguzi wa wilaya jirani simu kwa shilingi 120,000. Picha aliyoiweka katika tangazo ilikuwa ya simu nyingine, mpya. Ya kwake kioo kilikwisha kubadilishwa na betri haikumaliza saa mbili. Akasema: "Padre, sikumdanganya. Hakuniuliza." Nikamwuliza kama wale wa Amosi waliulizwa habari za efa.

Nilimsimulia habari ya Pierre Omidyar, aliyeanzisha huko California mwaka 1995 soko la mnada la mtandaoni ambalo baadaye liliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu yake ya mwanga wa leza, iliyoharibika. Tangazo lilieleza kwamba ni mbovu, na inasimuliwa kwamba bado alimwandikia mnunuzi kuhakikisha kwamba ameelewa. Mnunuzi alijibu kwamba anakusanya mbovu hizo hizo. Sijui kama Omidyar husali. Ila wengi wetu tunaosali hatuandiki barua ya namna hiyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, yautaja udanganyifu katika biashara chini ya amri ya saba, na namba 2412 yasema kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Kijana alikubali, lakini fedha alikwisha kuitumia. Akaanza na 40,000. Alimwandikia yule muuguzi kueleza kosa lake na kumwomba radhi, kisha akatuma. Muuguzi hakuamini, alidhani ni mtego mwingine, na alipopigiwa hakupokea. Mwishoni kijana alimwandikia namba ya ofisi ya parokia.

Jumatatu asubuhi simu ililia. Sauti ya mama, kali na yenye tahadhari, ikaniuliza kama kweli yupo mtu wa jina hilo, au nami ni mmoja wao. Nikamjibu kwamba yupo, na kwamba Jumapili huimba besi.