Kivugo cha Askari Aliyerudi

Wazee wangu mliotoka Kyaka na Muleba, walimu wenzangu, wanafunzi: naomba nianze na mkuki.

Zamani, shujaa wa Kihaya alisimama mbele ya Omukama, mfalme wake, mkuki mkononi, akajivuga. Nguvu ya ekyebugo, yaani kivugo, imo katika nafsi ya kwanza: mimi nilikwenda, mimi nilifanya. Kwangu mimi, hiyo ndiyo mbegu ya tamthilia ya ukweli, ile inayosimama juu ya ushuhuda wa waliokuwapo, na tunayo nyumbani.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera. Mapema Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa. Askari wetu na mgambo walivuka mto Kagera, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wengi wao waliokufa wamelala makaburini Kaboya, hapo Muleba. Tukawaimbia ngonjera za ushindi, na walistahili. Lakini ngonjera husimulia kwa "sisi". Askari mmojammoja hatumsikii. Penina Muhando, katika Lina Ubani ya 1984, alithubutu kuitazama nchi iliyobaki baada ya vita. Tangu hapo jukwaa letu limekuwa kimya mno.

Afrika Kusini hawakunyamaza: Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza uovu wa enzi za ubaguzi wa rangi, ilianza kusikiliza watu Aprili 1996. Mwaka uliofuata, tamthilia ya Jane Taylor, Ubu and the Truth Commission, iliwaweka mashahidi jukwaani kama vikaragosi vya mbao. Naipenda heshima hiyo: mwigizaji hajifanyi kuwa mwenye uchungu, anaushika tu kwa mikono miwili.

Sisi hatukuunda tume. Lakini Januari 1979, majeshi yetu yalipoiteka Mutukula, mji wa Uganda mpakani, hasira ya Kyaka iliwaangukia hata wasio na bunduki, na mji ukasawazishwa kwa matingatinga. Mwalimu Nyerere alichukizwa, akaagiza raia wasiguswe. Haya nayo ni ya kwetu, na hayawapunguzii heshima waliolala Kaboya.

Niliwahi kufanya mazoezi ya tamthilia kuhusu vita hivyo na vijana chini ya mwembe. Kijana aliyeigiza mgambo alijivuga vizuri, kijiji baada ya kijiji, sauti ikipanda. Alipofika Mutukula akazidi kupaza. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama, mwenyewe alikwenda vitani, akanyanyua mkono: "Hapo, mwanangu, teremsha mkuki." Kijana akauteremsha. Akarudia maneno yaleyale taratibu, na mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi pembeni akaacha kumenya.

Maridhiano nayo tunayo namna yake. Katika omukago, undugu wa damu, watu wawili walikula buni za tunda moja zilizopakwa damu, kila mmoja ya mwenzake. Ng'ambo ya mpaka, Waganda wanaujua mkataba huo vilevile. Basi kwenye onyesho la mwisho la tamthilia yetu askari anamnyooshea buni mwanamke wa Mutukula. Vijana walitaka aipokee, watu wapige makofi. Nilikataa. Msamaha ni wa mwanamke yule, haumo katika kalamu yangu wala yenu. Kwenye mswada tulionao, kiganja cha askari bado kiko wazi, naye anakitazama.