Dafrau, Vyuma vya Kamba na Taa za Jua kwa Magati Madogo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kibera na Kawangware)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya magati madogo, yale ya mtu binafsi mwenye mashua yake. Najua wengine mtacheka. Sisi wa Kibera na Kawangware tuna mashua gani? Lakini wazee wa Kibera wanakumbuka kwamba bwawa la Nairobi lililo hapo chini, lililojengwa mwaka 1953, lilikuwa na mashua za tanga za starehe, kabla takataka na gugu maji hazijalifunika. Na leo mafundi wetu wa vyuma na wakata mipira huitwa Naivasha, Kisumu na hata Mtwapa kumjengea tajiri gati lake. Kazi yatoka mikononi mwetu, basi yafaa tuijue.

Nianze na dafrau. Neno hili ni la mabaharia wa pwani, maana yake ni kitu cha kukinga ubavu wa chombo usigongane na gati. Iliyo rahisi kuliko zote ni tairi kuukuu, na wale wanaotengeneza akala wanajua kuikata wapendavyo. Kwa mashua ya kazi, ya mbao, yatosha kabisa. Lakini kwa mashua nyeupe ya faiba tairi huacha weusi, na mwenyewe atakulaumu wewe, hatalaumu tairi. Hapo mshauri anunue dafrau laini za kujazwa hewa. Ukitumia tairi, toboa matundu upande wa chini maji yasituame, ama utakuwa umemfugia mbu.

Tena zifungwe wima. Ziwa Naivasha hupanda na kushuka. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka yakaingia nyumba za watu. Kule pwani maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na siku za bamvua tofauti yaweza kupita mita tatu. Dafrau iliyolazwa mahali pamoja, mashua itaipita juu au chini.

Sasa kile chuma chenye pembe mbili, ambacho kamba huzungushwa. Hapa ndipo nataka mnisikilize sana, kwa maana hapa ndipo watu huumia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kibarua kwenye gati moja la ziwani. Mwenye gati alikataa kununua bolti, akasema skrubu zinatosha. Tulikaza skrubu juu ya ubao, tukalipwa, tukanyamaza. Juma la pili upepo wa alasiri ulivuta mashua, chuma kikang'oka pamoja na kamba yake, kikampiga mwenzetu mkononi. Vidole viwili havikunji mpaka leo. Mwenye gati alisema fundi hakukaza vizuri. Hatukuwa na karatasi yo yote ya kuonyesha kwamba tuliomba bolti.

Kwa hiyo chuma hicho kifungwe kwa bolti zinazopita ubao mzima, na chini yake pawe na kipande cha bati nene, kisha washa na nati. Kipimo chake si kigumu: kwa kamba ya unene wa nusu inchi, chuma kiwe na urefu wa inchi 8, kamba ikizidi, na chuma kizidi. Ziwani, chuma kilichochovywa zinki chafaa. Baharini tafuta kisichoshika kutu, cha aina ile iitwayo 316, na bolti ziwe za aina hiyo hiyo. Ukichanganya alumini na chuma kingine kwenye maji ya chumvi, alumini italiwa.

Juu ya taa sitasema mengi. Usiku wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, basi muulize muuzaji kama betri yadumu mpaka alfajiri hata baada ya siku ya mawingu, kama tunavyoyaona mwezi wa Julai. Kioo cha kupokea jua kiinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Chagua taa yenye alama ya IP67, kwa sababu siku moja maji yataifikia. Mwanga uelekee chini, usimpige nahodha machoni, wala usiwe mwekundu au wa kijani, maana rangi hizo ni za taa za vyombo vyenyewe. Na pale Naivasha weka taa moja mwanzo wa gati, upande wa nchi kavu. Viboko hutoka kula majani usiku, na mlinzi ni mwenzetu.

Kabla hujapanda matatu kwenda kazini, andika vifaa vyote na bei zake, mwenye gati atie sahihi. Akikataa bolti, andika kwamba amekataa. Ukiumia, mpe tajiri habari mara moja. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 yamtaka apeleke taarifa serikalini kwa muda wa siku saba tangu apate habari.

Nimeleta hapa mezani vyuma viwili, kimoja cha skrubu kilichong'oka na kimoja cha bolti. Njoni mvishike.