Chapati Inapomdhuru Mtu: Maneno Machache Juu ya Ugonjwa wa Siliaki

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele. Leo tunataka tuongee juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia ukitajwa katika mikutano yetu. Unaitwa siliaki. Jina ni gumu kidogo, jambo lenyewe si gumu.

Ndani ya ngano, shayiri na rai mna kitu kinachoitwa gluteni. Ndicho kinachofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Unga wa mahindi hauna hiyo gluteni, na ndiyo sababu hakuna mama hapa anayesukuma chapati ya mahindi matupu ikakubali. Kwa watu wengi gluteni haina neno. Lakini wako waliozaliwa na mwili usioipatana nayo. Wale askari wa mwili wanaotukinga na magonjwa wakiiona gluteni wanadhani adui ameingia. Wanapigana, na kinachoumia ni utumbo wenyewe. Utumbo mwembamba ndani yake una nyuzi ndogo ndogo kama taulo mpya, na hizo ndizo zinazonyonya chakula. Kwa mgonjwa wa siliaki taulo inachakaa mpaka inakuwa kama turubai. Chakula kinapita tu.

Sasa fikirini nyumbani kunakuwaje. Mtoto alikuwa mzuri, akaanza kupewa mkate na biskuti, baada ya miezi kadhaa anaharisha, tumbo limevimba, mikono imekuwa vijiti, anakasirika ovyo. Au ni mtu mzima: amechoka kila siku, damu imepungua na vidonge vya kuongeza damu havisaidii, ana vidonda vya mdomo visivyoisha, pengine mimba zinaharibika. Wengine hawaharishi kabisa, na hao ndio hukaa miaka mingi bila kujulikana. Na majirani hawanyamazi. Huyu atasema ni kijicho, yule atanong'ona kwamba ni "ule ugonjwa". Mama wa mtoto ataambiwa hajui kulisha. Tunasema wazi: siliaki haiambukizi, haitokani na uchafu wala uchawi, na mama hakuileta.

Wengine mtasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli walioanza kuuelewa walikuwa Ulaya. Daktari mmoja wa watoto huko Uholanzi, Willem Dicke, aliona jambo la ajabu wakati wa njaa ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945. Mkate ulikosekana nchini, na watoto wake wenye ugonjwa huu wakapata nafuu wakati watu wengine wanakonda. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Lakini Afrika nayo imo. Mwaka 1999 madaktari waliandika kwamba kati ya watoto wa Wasaharawi waliopimwa, watu wa Sahara Magharibi, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Hao hula ngano kwa wingi. Duniani kwa jumla hukadiriwa mtu 1 hivi kati ya 100. Sisi nasi siku hizi chapati na mandazi si vya Krismasi tu, ni vya kila asubuhi.

Hapa tunaomba msikilize sana. Si kila anayeharisha ana siliaki! Vijijini kwetu maji machafu, minyoo na amiba ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Nendeni zahanati, pimeni choo, tibuni hayo. Tena damu kwenye choo, homa kali, au mtoto aliyelegea na macho kuingia ndani, hayo hayangoji mkutano wa kikundi. Lakini mtu akitibiwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hali ni ile ile, mwulizeni daktari, "Je, yaweza kuwa siliaki?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Hakipatikani kila mahali, huenda mkatumwa hospitali kubwa mjini. Kikionyesha dalili, daktari kwa kawaida hupitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo na kuchukua vipande vidogo vya kuchunguza. Na jambo linaloharibu kazi yote ni hili: mtu kuacha ngano mwenyewe kabla ya kupimwa. Utumbo unaanza kupona, kipimo kinasema hana kitu. Basi endeleeni kula mpaka mpimwe, na aliyekwisha kuacha amwambie daktari. Ugonjwa ukithibitika, ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto wake nao waulizie kupimwa, maana unafuata damu.

Dawa ya kumeza ya kuuponya haipo. Tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote, hata kipande kidogo cha mandazi. Hapo sisi tuna bahati kuliko watu wa Ulaya. Ugali wa mahindi, mtama na wimbi, mchele, githeri, mihogo, viazi, nduma, ndizi, maharagwe, mayai, samaki, nyama, maziwa, sukuma wiki: vyote ruhusa. Wengi huanza kujisikia vizuri baada ya wiki chache, ingawa utumbo wa mtu mzima waweza kuchukua mwaka au zaidi kupona.

Hatari iko mahali pa kujificha. Mashine ya posho iliyosaga ngano sasa hivi, unga wako wa wimbi utabeba mabaki yake. Unga wa uji uliochanganywa sokoni, muulizeni muuzaji ameweka nini. Mafuta yaliyokaanga mandazi yasikaange viazi vya mgonjwa. Soseji nyingine zina ngano, na bia nyingi hutengenezwa kwa shayiri, wazee mtusamehe. Kikundi kikikutana na chai ya mandazi, wekeni viazi vitamu pia, na anayekataa mandazi asiitwe mwenye maringo.

Mwisho, tumeulizwa juu ya Komunyo. Hostia ni ya ngano. Roma ilieleza mwaka 2003, ikarudia 2017, kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, lakini yenye gluteni kidogo sana inakubalika. Asiyeiweza hata hiyo aweza kupokea kwa divai peke yake, kutoka kikombe ambacho hakikutiwa kipande cha hostia. Mwambieni padre mapema kabla ya Misa, si mkiwa tayari kwenye foleni.

Karibuni maswali.