Mali Iliyoanikwa na Mali Iliyonunuliwa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze jambo lolote lenye manufaa. Nimechagua jambo linalohusu fedha zetu wenyewe, maana kabla jua halijachwa wanachama mtatakiwa kulipigia kura.

Mnafahamu kwamba limeletwa pendekezo tuchukue sehemu ya mfuko wa maktaba tununue hisa za kampuni moja ya ng'ambo inayoendesha mnada kwa njia ya intaneti. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara tarehe 15 Aprili 1998, halina kampuni ya namna hiyo, ndiyo sababu wenzetu wakatazama nje. Mimi nilipewa makabrasha niyapitie kabla ya kutia sahihi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro mkubwa wa mstari unaopanda: idadi ya bidhaa zilizotangazwa katika mnada huo, mwaka hadi mwaka. Chini yake iliandikwa kwamba kampuni ambayo orodha yake inakua hivyo, hisa zake hazina budi kupanda. Nakiri kwamba kalamu nilikuwa nimekwisha kuishika.

Kilichonizuia ni samaki. Wanachama wa Kinondoni mnaujua mnada wa Kunduchi, pale pwani. Ngalawa zikifika, samaki hupangwa mafungu na dalali huanza kunadi. Sasa, hebu mwulizeni dalali yule biashara ya leo imekuwaje. Hatakutajieni mafungu mangapi yalipangwa mchangani. Atakutajieni mangapi yamepata mtu na kwa bei gani, kwa kuwa chakula cha watoto wake kimo humo. Siku ambayo mafungu ni mengi kupita kiasi huenda ikawa siku mbaya kwake, kwani bei huanguka. Na ikifika saa sita mchana, fungu lisilonunuliwa hujitangaza lenyewe kwa harufu, hata mgeni aliyeshuka tu kwenye basi ataelewa.

Kule Temeke mambo ni yale yale kwa namna nyingine. Nendeni Tandika mkatazame mitumba. Lundo kubwa kuliko yote pengine ni la mfanyabiashara hodari aliyefungua belo jipya asubuhi. Pengine pia ni la yule ambaye nguo zake zimechaguliwa tangu juzi, nzuri zimekwisha ondoka, na zilizobaki hazitaki kuondoka. Ukipita mara moja tu huwezi kuwatofautisha. Inakupasa urudi kesho.

Katika mnada wa intaneti hakuna harufu wala vumbi. Picha ya jokofu bovu inaweza kukaa humo mwaka mzima ikahesabiwa kila mwezi kuwa ni bidhaa moja, sawa na jokofu jipya lililonunuliwa siku ile ile.

Nikaona nitafute kampuni kongwe katika kazi hii, nayo ni eBay ya Marekani, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995. Hisa zake zilianza kuuzwa kwa umma tarehe 24 Septemba 1998 kwa dola 18 kila moja, na soko lilipofungwa siku hiyo zilikuwa zimepita dola 47. Zama zile muuzaji alilipa ada ndogo kwa kila kitu alichokitangaza, kiuzwe kisiuzwe, na kikiuzwa akatozwa tena asilimia fulani ya bei. Kwa hiyo mtu aliyehesabu matangazo alikuwa, kwa kiasi fulani, anahesabu fedha. Hesabu ile ilikuwa na maana, na nadhani mazoea yalianzia hapo.

Lakini baadaye kampuni ikaanza kuruhusu matangazo mengi ya bure. Huko Ujerumani mwaka 2023, na Uingereza mwaka 2024, iliwaondolea wauzaji wasio wafanyabiashara hata ada ya mauzo, isipokuwa kwa vitu kama magari. Jina la hesabu likabaki lile lile, maana yake ikabadilika. Mwaka 2021 eBay ilikuwa na bidhaa zipatazo bilioni moja na nusu zilizotangazwa, na mauzo ya mwaka huo yalikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 87. Kufika mwisho wa mwaka 2024 orodha ilikuwa imefika bilioni 2.3. Mauzo ya mwaka huo? Karibu dola bilioni 75. Ni kweli kwamba mwaka 2021 watu wengi walikuwa bado wananunua wakiwa majumbani kwa sababu ya korona, kwa hiyo si haki kuilaumu kampuni kwa kila dola iliyopungua. Ninachosema ni kwamba mchoro kama ule wa kwenye makabrasha yetu ungalionyesha mstari unaopanda tu.

Mfano wa karibu zaidi ni Jumia. Hiyo si mnada kwa maana halisi, ni soko la mtandaoni, lakini hesabu zake hutazamwa kwa jicho hilo hilo. Ilianzia Lagos mwaka 2012, na tarehe 12 Aprili 2019 hisa zake ziliingia katika soko la New York kwa dola 14.50. Makaratasi iliyowapa wanunuzi wa hisa yalitaja bidhaa na huduma zaidi ya milioni 29 zilizoorodheshwa. Makaratasi hayo hayo yalisema kwamba mwaka 2018 mapato yalikuwa karibu euro milioni 129 na hasara karibu euro milioni 170. Katika majuma machache bei ya hisa ilipita dola 40. Mwezi wa Agosti kampuni yenyewe ikakiri kwamba kulikuwa na maagizo yasiyo halali, yaliyowekwa kisha yakafutwa, yaliyofikia asilimia 4 hivi ya thamani ya mauzo ya robo ya kwanza ya mwaka huo. Novemba 2019 ikafunga soko lake hapa Tanzania. Wateja wetu wakaelekezwa kwenye Jumia Deals, ukurasa wa matangazo tu. Yaani sisi tuliachiwa orodha.

Mwenzangu mmoja amenikumbusha, na ni kweli, kwamba mwanzoni mwa mwaka 2021 hisa hizo hizo zilipanda kupita dola 60 kabla ya kuanguka tena. Aliyenunua kwa bahati alipata. Lakini mfuko wa maktaba si wa kuchezea bahati.

Vijana wa hisabati, chukueni kalamu. Mnada una bidhaa 1,000 zilizotangazwa. Zinauzwa 300 kwa wastani wa shilingi 10,000, na kampuni huchukua asilimia 10. Imepata shilingi 300,000. Mwaka wa pili tangazo linakuwa bure, bidhaa zinafika 3,000, zinauzwa 330, lakini kwa wingi wa mali wastani wa bei umeshuka hadi shilingi 8,000. Fanyeni wenyewe. Mtapata 264,000. Orodha imekua mara tatu na mapato yamepungua, nasi tungekuwa tumenunua hisa kwa bei ya mara tatu.

Nisieleweke vibaya. Soko lisilo na mali halina wanunuzi. Huko China, Taobao ilianza mwaka 2003 ikiwaachia wauzaji watangaze bure, wakati eBay ilikuwa inatoza ada, na ulipofika mwisho wa mwaka 2006 eBay iliifunga tovuti yake ya kule. Orodha ya bure ilishinda. Lakini ilishinda kwa sababu wanunuzi waliifuata, na hao wanunuzi hawamo kwenye mchoro wetu.

Basi niliwaandikia wakala wa hisa walioleta pendekezo. Niliwauliza, katika kila bidhaa mia zilizotangazwa, ngapi huuzwa ndani ya miezi mitatu. Niliwauliza pia kampuni hubakiwa na kiasi gani katika kila mauzo baada ya gharama, na wanunuzi wangapi wa mwaka juzi walirudi mwaka jana. Walijibu kwa adabu sana. Walinitumia mchoro ule ule, safari hii ukiwa wa rangi.

Ndugu Mwenyekiti, makabrasha nimemkabidhi Katibu bila sahihi yangu, pamoja na nakala za barua hizo, na yeyote anayetaka kuzisoma atazikuta mezani wakati wa chai. Kura ni saa kumi.