Soma Kwanza, Nunua Baadaye: Bastola Fupi Iliyokwisha Tumika

Fungueni madaftari, shikeni kalamu, na aliye karibu na redio aiongeze sauti kidogo ili walio nyuma nao wasikie.

Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya kununua vitu vilivyokwisha tumika. Tulianza na cherehani, kisha baiskeli. Leo tutazungumza juu ya kitu cha hatari zaidi, nacho ni bastola fupi ya silinda, ile ambayo watu wa Marekani huiita bastola ya pua fupi.

Najua mtauliza: Bwana Elimu, jambo hili latuhusu nini? Jibu langu ni hili. Hapa kwetu silaha hainunuliwi kama jembe. Tanzania ina sheria ya silaha ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake, Sura ya 114. Mtu asiye na leseni haruhusiwi kuwa na bastola hata siku moja. Lakini wako ndugu zetu wengi waishio Marekani, na huko bastola iliyotumika huuzwa dukani. Mmoja wao alinusurika kupoteza vidole vyake kwa sababu hakusoma maneno machache. Ndiyo sababu nimechagua somo hili. Mtu asiye na haja ya bastola atapata faida ya kusoma.

KISA CHA NDUGU YANGU

Mtoto wa ami yangu anaishi Marekani. Ana mke na binti mdogo. Alipata kazi ya usiku katika duka la petroli, akaogopa wanyang'anyi. Akatafuta bastola ndogo ya bei nafuu. Mtu mmoja akamwonyesha bastola fupi inayong'aa kama kijiko kipya. Ndugu yangu aliipenda kwa mng'aro wake, akalipa, akanunua na kasha la risasi lililoandikwa .38 SPECIAL. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Hii ni thelathini na nane." Naye akaona thelathini na nane ni thelathini na nane tu.

Alikwenda kwenye uwanja wa shabaha. Akapiga risasi tano. Alipotaka kutoa maganda, yalikataa kutoka. Akayagonga kwa kijiti. Ganda moja lilikuwa limepasuka kutoka nyuma hadi katikati, na moshi ulikuwa umemrudia mkononi. Akaenda kwa fundi mzee wa bunduki. Yule mzee hakuuliza bei wala hakutazama mng'aro. Alivaa miwani yake, akaanza kusoma.

Sasa, wanafunzi, andikeni maneno haya mawili, moja chini ya jingine:

.38 S. & W.
.38 S. & W. SPECIAL

Tazameni vizuri. Tofauti ni neno moja tu. Lakini risasi hizi si ndugu. Ganda la risasi ya kwanza lina urefu wa karibu milimita 20, nalo ni nene kidogo. Ganda la risasi ya pili lina urefu wa milimita 29, nalo ni jembamba kidogo. Unene wake watofautiana kwa milimita 0.2 hivi tu, kiasi cha karatasi mbili za kuandikia.

Sikilizeni jinsi makosa yalivyotokea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Smith & Wesson kilitengeneza bastola nyingi sana za namna iliyoitwa Victory. Zaidi ya nusu milioni zilipelekwa Uingereza na nchi zilizoshirikiana nayo, nazo zilikuwa za risasi ya .38 S. & W. Vita vilipokwisha, nyingi zilirudi Marekani kuuzwa kwa raia. Wafanya biashara wengine waliyachonga matundu ya silinda yawe marefu ili risasi ya SPECIAL iingie. Wakakata mtutu kwa msumeno uwe mfupi, kisha wakaipaka bastola nikeli ili ing'ae. Lakini tundu likichongwa urefu haliwi jembamba. Kule nyuma risasi ya SPECIAL hupwaya, ganda hutanuka, na mara nyingine hupasuka.

Bastola ya ndugu yangu ilikuwa mojawapo ya hizo. Fundi alimwonyesha ubavu wa mtutu. Maneno yalianza vizuri, halafu yakaishia ghafula kwenye mdomo wa mtutu. Mtutu mfupi uliotoka kiwandani una maneno kamili. Ukiona maneno yaliyokatwa, jua mtutu umekatwa.

Kisha mzee akaigeuza, akasoma nambari iliyo chini ya mpini. Ilianza kwa herufi V peke yake. Herufi hiyo nayo ina habari yake. Mwaka 1944 baharia mmoja wa Marekani aliuawa wakati bastola ya namna hii ilipoanguka juu ya sitaha ya chuma ikafyatuka yenyewe. Baada ya hapo kiwanda kilitia kizuizi kipya cha nyundo, na nambari za bastola zilizotiwa kizuizi hicho zikaongezewa herufi S karibu na V. Kwa hiyo herufi moja yaweza kukuambia kama bastola ikianguka italala kimya au itaua mtu.

Mzee akasema, "Bwana, bastola hii ilikuwa ikikuambia habari zake tangu siku ya kwanza. Wewe hukuisoma."

JINSI YA KUCHAGUA

Ndugu yangu aliacha kuitumia ile bastola, akatafuta nyingine kwa msaada wa yule fundi. Haya ndiyo mambo aliyofundishwa. Mwalimu, tafadhali simamisha darasa baada ya kila jambo, na mwanafunzi mmoja alirudie kwa maneno yake mwenyewe.

Kwanza, bastola iwe tupu. Elekeza mdomo wake mahali ambapo hapawezi kumdhuru mtu. Kidole kikae mbali na kifyatulio. Fungua silinda, tazama kila tundu, kisha gusa kila tundu kwa kidole. Usimwamini mtu akikuambia haina risasi. Waliouawa na bastola "isiyo na risasi" ni wengi.

Pili, soma jina na nambari. Bastola fupi za zamani zinazoonekana sana ni mbili. Moja ni Colt Detective Special, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1927, nayo huchukua risasi sita. Nyingine ni Smith & Wesson Chiefs Special ya mwaka 1950, nayo huchukua tano. Tangu mwaka 1957 kiwanda cha Smith & Wesson hupiga nambari ya namna ya bastola kwenye chuma, nawe huiona ukifungua silinda. Chiefs Special ikawa nambari 36. Ukikuta nambari ya bastola imekwanguliwa, irudishe mezani uondoke. Marekani ni kosa kubwa la jinai kuwa na bastola ya namna hiyo, hata kama si wewe uliyeikwangua.

Tatu, tazama mtutu. Silinda ikiwa wazi na tupu, weka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu ili mwanga upite. Ndani utaona mifuo inayozunguka. Iwe safi. Vishimo vya kutu ni ubovu. Ukiona kivuli kama pete, huenda risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikaifuata, na mtutu ukavimba.

Nne, pima silinda. Funga silinda tupu, vuta nyundo nyuma polepole kwa kidole gumba. Kabla nyundo haijafika mwisho, silinda iwe imekwisha jifunga. Fanya hivyo kwa kila tundu, wala usiruke hata moja. Tundu lisiposimama sawasawa na mtutu, risasi hukwanguliwa, na vipande vya risasi huruka pembeni. Kisha itikise silinda mbele na nyuma. Kucheza kidogo sana si kitu, lakini ikigonga kwa sauti imechakaa. Nafasi iliyo kati ya silinda na mtutu iwe nyembamba, kama milimita 0.1 hadi 0.2.

Tano, nyundo ikiwa imevutwa nyuma na silinda ni tupu, isukume kwa gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, ni mbovu. Usinunue.

Sita, tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, mtu asiye fundi amekwisha ingiza bisibisi yake humo. Usidanganywe na nikeli mpya, maana rangi nzuri huweza kufunika kutu.

Saba, fuata sheria. Huko Marekani, anunuaye bastola katika duka lenye leseni awe na umri wa miaka 21 au zaidi. Hujaza fomu nambari 4473, na habari zake huchunguzwa. Aandikaye uwongo katika fomu hiyo amevunja sheria. Basi, soma kila swali kabla ya kutia sahihi. Usimwachie muuzaji akusomee na kukujazia.

JINSI YA KUITUNZA

Bastola fupi hubebwa karibu na mwili, na jasho lina chumvi. Chumvi hula chuma. Kwa hiyo bastola ibebwayo kila siku yapasa kupanguswa mara kwa mara, hata kama haijapigwa.

Unapoisafisha, weka risasi katika chumba kingine. Fungua madirisha. Pitisha brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia katika mtutu, kisha katika kila tundu la silinda. Usisahau chini ya ile nyota ndogo inayosukuma maganda. Punje chache za baruti zikikaa hapo, silinda hugoma kufunga au kuzunguka. Kama bastola imepakwa nikeli, usitumie dawa yenye amonia, maana huibandua nikeli.

Baada ya hapo paka mafuta kidogo, kisha pangusa. Mafuta mengi hukusanya vumbi, na yakipenya katika fataki ya risasi, risasi hiyo huweza kukataa kulia. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa risasi ina madini ya sumu.

Usiifunge silinda kwa kuirusha kwa mkono mmoja kama wafanyavyo katika sinema. Huo ni upesi wa kuipinda. Ifunge kwa mikono miwili, taratibu. Wala usiihifadhi katika ala yake ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, na bastola huota kutu humo.

Risasi nazo zina maandishi. Zenye alama +P zina nguvu zaidi ya kawaida. Usizitie katika bastola ya zamani mpaka fundi amekubali.

SANDUKU KABLA YA BASTOLA

Ndugu yangu alipokwisha chagua bastola nzuri, nambari 36, alitoa fedha. Yule mzee akazikataa kwanza. Akamwuliza, "Nyumbani una mtoto?" Ndugu yangu akajibu, "Ninaye binti, ana miaka minne." Mzee akasema, "Basi leo nitakuuzia sanduku la chuma lenye kufuli. Likifungwa ukutani, njoo nikuuzie bastola."

Ndugu yangu alikasirika kidogo, kwa kuwa alikuwa na haraka. Lakini alinunua sanduku. Siku alipolifunga ukutani, binti yake alisimama karibu akauliza mara tatu, "Baba, humo utatia nini?" Ndipo alipoelewa. Kitu ambacho mtoto hakijui ndicho akitafutacho. Ile bastola inayong'aa ilikuwa imekaa majuma mawili chini ya mto wa kitanda.

Hata leo bastola yake hukaa katika sanduku, risasi hukaa mahali pengine, na ufunguo hukaa kwake.

Na wewe uliye huku kwetu, ukifungua sanduku la marehemu baba au babu ukakuta silaha, usiijaribu wala usiifiche. Usimpe kijana aichezee. Mwarifu polisi wa karibu upesi, uwaulize wanataka ifikishwe kwao kwa njia gani.

Ndugu wasikilizaji, mzee yule hakuwa na uchawi. Alikuwa na miwani na desturi ya kusoma mpaka mwisho wa mstari. Nanyi desturi hiyo mnaanza kuwa nayo. Isomeni chupa ya dawa, mfuko wa mbolea na hati ya mkopo kama alivyosoma mtutu. Kwaherini, tuonane juma lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mtutu: bomba ambamo risasi hupita.
Silinda: gurudumu lenye matundu ya kutilia risasi.
Kifyatulio: kidude kivutwacho kwa kidole ili kupiga.
Fataki: kidude kidogo nyuma ya risasi kinachowasha baruti.
Ala: mfuko wa kuchukulia silaha.

MASWALI

1. Ni neno gani moja linalotofautisha zile risasi mbili za .38?
2. Kwa nini maganda ya ndugu yake msemaji yalikataa kutoka?
3. Maneno yaliyokatwa kwenye mtutu yanaonyesha nini?
4. Taja makosa mawili ambayo watu hufanya wanapotunza bastola.
5. Kwa nini fundi aliuza sanduku kabla ya bastola?
6. Kazi ya nyumbani: Tafuta kitu kimoja nyumbani chenye maandishi ya onyo. Yanakili maneno yake yote, uyalete darasani.