Kiwanja cha Mlimani Kitazamwe Mwezi wa Kumi



Wengi wetu tulionyeshwa viwanja vyetu vya kujenga mwezi wa tatu au wa nne. Mlima wote kijani, ukungu umelala bondeni, mwenye shamba anatangulia na panga mkipita kwenye majani yaliyolowa. Siku hiyo nani awaze moto? Ombi langu ni moja: kabla ya kutoa pesa, rudi mwezi wa kumi.

Mwezi huo majani yaliyoungua kwa barafu ya Juni na Julai yamekauka hadi yanavunjika mkononi. Watu wanachoma mashamba wakisubiri mvua, na upepo haulali. Upepo wa Makambako mnaujua. Hata wataalamu wa umeme wa upepo walikuja kuupima.

Zaidi ya hapo, nchi yetu imebadilika. Kampuni ya TANWAT ilianza kupanda miwati hapa Njombe mwaka 1949. Leo hata mwenye ekari moja ana misindano au milingoti yake, na ni jambo jema, imesomesha watoto. Lakini aliyejenga akitazamana na shamba la mahindi, baada ya miaka michache anajikuta amezungukwa na msitu wa jirani.

Moto hupanda mlima kwa kasi zaidi kuliko unavyoshuka, kwa kuwa joto lake hutangulia kukausha majani ya juu. Kwa hiyo mahali ninapopaogopa kuliko pote ni kichwani mwa korongo, hata kama ndipo penye mandhari nzuri. Korongo huvuta moto kama dohani. Afadhali nyumba yenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, chini yake, maana udongo wa vinyungu hubaki na unyevu kiangazi kizima. Ila tusisogelee maji kupita kiasi: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji ziachwe.

Bati nalo linatudanganya. Tunasema paa la nyasi ndilo linaloungua. Nilipanda ngazi kwenye nyumba moja nzuri, matofali ya kuchoma, bati jipya. Pale bati linapokutana na ukuta, kila mgongo uliacha tundu la vidole viwili. Ndani nilikuta sindano kavu za misindano na kiota cha ndege, vimelala juu ya mbao ya kenchi. Cheche moja ingetosha, na moto wenyewe ungali mbali. Mlingoti hurusha magamba yake yakiwaka. Kwao milingoti, huko Australia, katika jimbo la Victoria, moto wa tarehe 7 Februari 2009 uliua watu 173, na magamba ya namna hiyo yalikuwa yakiutangulia kwa kilomita nyingi. Matundu hayo yazibwe kwa saruji au wavu mdogo wa waya, na gata zisafishwe.

Namba ya Zimamoto ni 114, lakini gari lao litapita kwenye njia yako? Litageuzia wapi?

Basi mkienda, nendeni saa nane mchana, upepo ukiwa umeshika. Simameni pale mnapotaka kuweka mlango, mtazame bonde lote hadi chini. Kisha mtafuteni mwenye shamba la chini, mmuulize mwakani anakusudia kupanda nini.