Mbegu Isiyoota na Chumvi ya Ardhi

Mazungumzo yetu ya leo baada ya habari yanawaelekea hasa askari wa jeshi na wa polisi. Mwaka 2013 jeshi la Uganda lilipewa kazi ya kuwafikishia wakulima mbegu na miche, na askari akawa mtu wa kwanza kuulizwa mbegu zilipokataa kuota. Naye polisi hupokea mashitaka kituoni: fulani kaniuzia mbegu bandia. Mbegu bandia zipo, na wanaoziuza wanastahili kufikishwa mahakamani. Lakini yupo mkosaji mwingine ambaye pingu hazimshiki, naye ni chumvi.

Anayetaka kuufahamu mwenendo wake na aende Kibiro, kando ya Ziwa Albert. Wanawake wa huko hutandaza udongo mkavu uliolegea juu ya ardhi yenye chumvi. Jua likiwaka, unyevu hupanda kutoka chini ukiibeba chumvi; maji hugeuka mvuke, chumvi husalia katika udongo wa juu. Kisha udongo huo hukwanguliwa, huchujwa kwa maji, na maji hayo huchemshwa hadi chumvi ipatikane. Wachunguzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba kazi hiyo ina umri wa miaka ipatayo 900. Chakula chao kingi watu wa Kibiro wamekuwa wakikipata kwa kubadilishana chumvi na wakulima wa juu ya mteremko, maana pale chini ardhi haikubali kilimo.

Basi jambo lile lile linalomnufaisha mama wa Kibiro humwangamiza mwenye bustani. Mbegu za giligilani, rehani na mchicha ni ndogo, hupandwa juu juu, yaani mahali pale pale chumvi inapokusanyika. Mbegu ili iote sharti inywe maji. Maji yakiwa na chumvi nyingi huwa mazito kuvutwa, na mbegu hukaa na kiu ingawa imezungukwa na unyevu. Ikifanikiwa kupasuka, huchelewa. Kizizi chake hutoka kifupi, na chumvi inayoingia ndani hudhuru chembe changa. Mche hudumaa, ncha za majani zikaungua kana kwamba zimepitiwa na moto.

Wapo kati yenu waliotumikia Mogadishu, ambao hawahitaji kuelezwa ladha ya maji ya kisima kilicho karibu na bahari. Maji ya bahari yenyewe huwa na gramu zipatazo 35 za chumvi katika kila lita. Maharage huanza kupunguza mavuno hata maji yaliyomo udongoni yakiwa na chumvi isiyotimia gramu moja kwa lita, na vitunguu na karoti havipishani nayo sana. Tena nguvu ya mmea mkubwa isitudanganye. Bitiruti ya sukari ikishakomaa huvumilia chumvi zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachotosha kuidhuru wakati wa kuota. Utoto wa mmea ndio wakati wa hatari.

Kwa hiyo kabla mwenye duka hajawekwa ndani, ufanyike uchunguzi usiogharimu kitu. Zitwaliwe mbegu 100 za pakiti ile ile inayolalamikiwa. Hamsini zipandwe katika udongo wa shamba na kunyweshwa maji ya shamba. Hamsini nyingine zipandwe katika mchanga uliooshwa sawasawa na kunyweshwa maji ya mvua. Zote zikae kivulini pamoja kwa majuma matatu, kwani giligilani ni mvivu wa kuota hata penye udongo mwema. Zikiota za mchangani na za shambani zikakataa, mbegu haina hatia, na kosa litafutwe katika udongo au maji. Zikikataa zote, hapo ndipo mwenye duka aulizwe maswali.

Penye chumvi ya kiasi, bustani ya kambi bado yaweza kuokolewa. Miche ikuzwe kwanza kitaluni kwa maji ya mvua, ihamishwe ikiwa imeshika nguvu. Ardhi ifunikwe kwa nyasi kavu ili jua lisiivute chumvi juu. Panapomwagiliwa kwa mifereji, mbegu isiwekwe kileleni mwa tuta, kwa kuwa chumvi hupandia huko. Iwekwe ubavuni, karibu na maji. Na kunywesha kidogo kidogo kila siku kwa maji ya chumvi ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Afadhali maji mengi kwa wakati mmoja, yaisukume chumvi chini ya mizizi, mradi pawepo mfereji wa kuyatoa. Pasipo mfereji, maji hayo yatatuama, kisha yatapanda tena na mzigo wao.